Mikono ya Mama Kwenye Simu za Watu

Picha ya kwanza niliiokota tu, sikuipiga.
Mikono myeupe, bomba la chuma,
maji yanamwagika kama hayana bili.
Nikaandika chini: Nawa kwa sekunde ishirini.
Nikaitupa kwenye kundi la ukoo
usiku wa kafyu, Kibokoni kimya.

Shangazi Mwanahawa wa Guraya akajibu kwanza:
"Mikono hino ni ya nani?
Na maji hayo yatoka wapi?
Bomba letu lilikohoa Jumatatu, halijapona."

Alisema kweli. Nami ni mchora leso,
najua leso ina pindo, ina mji, ina jina,
na jina likipotoka
haiuziki hata ikiwa na rangi za tausi.

Asubuhi nikamwita mama uani.
Ndoo ya manjano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia,
kata ya kifuu,
kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi.
Mikononi hina ya harusi ya Swabra,
harusi iliyoahirishwa hina ikiwa imeshakolea,
na kovu la mafuta ya mahamri
chini ya kidole gumba.
"Fanya hima," akasema, "maji yana baridi."
Kiganja kwa kiganja. Migongo. Baina ya vidole.
Ya mwisho ilitikisika, alikuwa akifukuza kuku wa jirani.

Nikazungusha pindo la korosho,
nikaweka jina kwa herufi za leso:
UKINAWA WEWE, NIMENAWA NA MIMI.
Nikaipunguza uzito isile bando la mtu.

Ikaondoka. Saa nne iko Majengo,
adhuhuri Kisauni,
na jioni mtu wa Mtongwe nisiyemjua
ananitumia picha yangu mwenyewe:
"Dada, sambaza."

Siku ya tano ikarudi imevaa nguo nyingine.
Hina ileile. Kovu lilelile.
Pindo limekatwa, jina limefutwa,
na mahali pake, kwa wekundu:
MAJI YA KARAFUU NA CHUMVI, VIKOMBE SABA.
BIBI HUYU AMEPONA.
Aliyenitumia ni shangazi Mwanahawa.
"Sasa hii," akasema, "ndiyo picha."

Mama aliivuta kwa vidole viwili, ikakua,
akaitazama mpaka kioo kikazima.
"Kovu langu lasema uwongo," akasema.
"Nipige tena. Na uso."
Akavaa miwani iliyofungwa uzi sikioni,
akachukua sinia, akaandika kwa mkaa:
SIJAUGUA. SIJAPONA. NANAWA TU.

Watu walicheka, wakaisambaza.
Lakini ile nyekundu ilikuwa imeshavuka feri,
na kicheko hakina mbio za tumaini.
Mzee Famau wa mtaa wa nyuma
alikunywa karafuu zake wiki nzima,
akiwapa mkono wote waliokuja kumjulia hali.
Tulimzika watu kumi na watano, tukihesabiwa.
Usiku ule mama akaniuliza, taa imezimwa:
"Alikunywa kwa mikono yangu?"
Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.

Mwaka jana nilimpeleka mtoto chanjo Likoni.
Ukutani, nyuma ya meza ya muuguzi Kadzo,
karatasi imebanduka pembe moja.
Jua limekula hina, limekula kovu,
imebaki mikono ya mwanamke yeyote,
na chini, nusu ya jina langu:
NIMENAWA NA MIMI.
"Ni ya nani hii?" nikauliza.
Kadzo akainua mabega. "Tuliikuta hapa."

Nikaipiga picha, nikamtumia mama.
Alama mbili, zikawa za buluu.
Akaandika, akafuta, akaandika tena.
Kisha ukaja:
"Ndoo ile tulimwazima nani?
Hajairudisha."