Mfuko wa Shati

Nyuzi thelathini na moja chini ya sufuri,
na dawa ya Aune haipendi kuganda.
Kwa hiyo siiachi kwenye sanduku la huduma ya kwanza.
Hukaa mfuko wa shati, chini ya sweta, chini ya koti,
ikiota joto la mwili mzee
lisilo na kazi nyingine siku hizi.

Mama yake, Kaarina, alinifunza jikoni kwake
kwa kichupa kitupu:
gumba chini, vidole viwili kando,
ncha iingie mpaka vidole viguse pua,
bonyeza mara moja.
"Na usiijaribu hewani, Raimo.
Imo moja tu. Ukiijaribu umeimaliza."

Nilicheka. Mimi huonja supu kabla ya kupakua,
hukanyaga breki kabla ya mteremko.

Aune akasema, macho kwenye mkate wake:
"Ile ya zamani ilipitia nyuma.
Mwalimu aliwageuza wenzangu.
Nikaamka, kila mtu anatazama ukuta."
Ana miaka tisa.

Nilikuwa na kaka, Olavi.
Kwetu kifafa kilipewa kijiko cha mti katikati ya meno
na watu wanne wa kumkandamiza.
Kijiko tunacho mpaka leo, kina alama.
Jino hatukuliona.

Leo, baada ya njia panda ya Kaamanen,
niliona kwenye kioo kofia nyekundu
ikigonga dirisha kwa mdundo usio wa barabara.

Nikaegesha. Nikamlaza ubavu, skafu chini ya kichwa.
Dakika ya kwanza.
Ya pili, ndefu kuliko ya kwanza.
Gari la wagonjwa litoke Ivalo, dakika hamsini,
akasema mwanamke kwenye simu,
ametulia kama anayesoma bei.
Ya tatu. Ya nne.
Ya tano nikafungua koti, nikapandisha sweta,
mkono ukapapasa kifuani kama wa abiria anayetafuta nauli.

Sikuijaribu.

Pua ya mtoto ni ndogo, na mkono wangu umezoea usukani.
Sauti ilikuwa chini ya chafya.

Husemwa pua na mdomo ndio majirani.
Kumbe pua ina jirani mwingine, wa ghorofa ya juu,
na mlango wa kwake haufungwi
hata meno yakibana kiasi gani.

Tukangoja. Watoto sita, injini, theluji.
Sikumgeuza yeyote.
Väinö wa darasa la pili alishika buti lake, akahesabu kwa sauti,
akakosea, akaanza upya.
Waliona kila kitu, na cha kuonekana
kilikuwa pua tu.

Mguu ukatulia kwanza.
Kisha kiganja. Taya ikachelewa.
Koti langu liko wazi, baridi inaingia itakavyo,
na mimi bado nimeushikilia mfuko mtupu.

Kisha akakoroma,
kwa pua ile ile,
kama mvuvi wa barafuni aliyeshiba.
Watoto wakacheka.
Nikawaacha wacheke.