Chenga

Mama hukamulia ndimu sufuriani
sukari isije ikarudi chenga.
Gubiti likifanya chenga, anasema, limekufa:
ukilitundika msumarini kulivuta, linakatika kama chaki,
na watoto wa Magomeni Mapipa hawanunui chaki.

Mimi naamka alfajiri kwenda Mlimani
kuomba chenga.

Chumba changu kina ubaridi wa nyuzi kumi na nane
na sahani ya vishimo tisini na sita.
Juu ya kila kishimo limening'inia tone
dogo kuliko jasho la sisimizi,
na ndani ya tone mna protini ya bakteria,
ile ya ncha ya unywele wake, inayodaka sukari
iliyoota kwenye kuta za kibofu chetu.
Hapo ndipo unapoanzia ule ugonjwa
ambao mjini hapa kila kadi ya zahanati imeuandika,
yutiai,
na Mama ameshaumezea vidonge vya rangi nne.

Miezi saba nilivuna utando.
Nilivuna vumbi la kahawia, nikavuna ukungu.
Mwezi wa nane, Ijumaa, umeme ukakatika;
jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Nikakimbilia barafu ya muuza samaki pale Mwenge,
nikakesha sakafuni nikiikanda sahani
kama anayemkanda mwenye homa,
chumba kizima kikinuka vibua.

Jumatatu, kishimo cha arobaini na tatu:
kitu chenye pembe.
Sikupumua. Pumzi ina joto.

Lusekelo wa stoo akachungulia kwenye hadubini.
"Si chumvi hiyo?"
Nikamwambia chumvi hulia ukiigusa kwa sindano.
Nikaitoa mhanga pacha yake, iliyokuwa ndogo.
Ilipasuka kimya, laini kama jibini.
Tukatazamana.

Uwanja wa ndege, mtungi wa naitrojeni unafuka moshi mweupe.
"Thamani yake?" akauliza yule wa forodha.
Nikaandika sifuri, na mkono ukanisuta.

Huko ng'ambo mionzi ikaipiga, ikatawanyika madoa,
maelfu ya madoa; katika madoa tukatoa hesabu,
katika hesabu ukatoka mkono.
Si mkono hasa. Mfuko mdogo,
mlangoni tairosini mbili zimesimama kama miimo,
ndani sukari moja, imeshikwa kila upande,
hata maji yaliyo karibu yamepangiwa pa kukaa.
Tena ana tabia huyu, tuliisoma zamani na sasa naiona:
mkojo ukimsukuma atoke, ndipo anapokaza.
Ukimwacha, analegea.

Nilimwonyesha Mama kwenye simu.
Alifuta vidole kwenye kanga, akatazama sana,
akaigeuza simu, akairudisha.
"Anapenda tamu huyu."
"Anapenda ya kwetu, Mama."
"Basi mpe nyingine aishike. Mpige chenga."
Akacheka peke yake,
na mimi, mwenye shahada mbili, nikasahau kucheka,
maana hilo ndilo ombi la fedha nililokuwa naliandika
kurasa kumi na tisa, na bado sijafika mwisho.

Hodi. Mjukuu wa Bi Mwatatu yuko kizingitini,
ngumi kaifumba juu ya mia mbili;
dada yake kabembeleza njia nzima kuifumbua, kashindwa,
kila akivuta kidole, vingine vinazidi kukaza.

Mama akamnyooshea gubiti.

Sarafu ikalia sakafuni.