Daftari la Petroli

Novemba, riyali tatu zilinifikisha siku tisa.
Disemba, saba.
Januari, siku ya tano tu sindano imeshalala kwenye wekundu,
na miye nimesimama uani, Saiq, saa kumi na mbili asubuhi,
daftari mkononi, barafu imeota kwenye kioo cha gari
kama chumvi kwenye ukuta wa zamani.

Njia ni ile ile: nyumbani, shuleni, kilomita nne.
Mzigo ni ule ule: mwalimu mmoja,
insha za darasa la sita, chupa ya chai.
Basi nani anayekunywa?

Nikamfikiria Muhenna, mtoto wa dada yangu,
miaka kumi na tisa, anapiga pasi mashuka hotelini.
Funguo zinapolala anapajua.
Sikusema kitu. Niliandika jina lake pembeni ya hesabu, kwa penseli,
nikatia alama ya kuuliza,
na wiki nzima nikampakulia wali kidogo.

Alhamisi nikateremka Birkat al-Mauz,
masikio yakiziba na kuzibuka kila kona,
mpaka gereji ya Msellem, mzaliwa wa Wete,
vidole vyeusi, Kiswahili bado cheupe.
Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama, akacheka.
"Mwalimu, samli yako asubuhi inamiminika?"
Haimiminiki. Naichota kwa kijiko.
"Oili ndiyo hivyo hivyo. Mashine inasukuma kitu kizito,
na msukumaji hula.
Tena ikiamka na baridi huomba petroli nyingi kuliko haki yake,
kama jiko la kuni mbichi, humwagii mafuta ya taa?
Ikikaribia kupata moto, wewe ushafika, ushazima.
Mchana unaanza upya. Kila siku unalipa kuamsha,
kutembea hutembei."

Akalipiga tairi teke. "Na upepo wa humu umesinyaa.
Wa nje nao mzito, unaupasua
kama mtu anayevuka maji ya kiuno."
Akajaza magurudumu yote manne, akakataa pesa,
akaniomba komamanga msimu ukifika.

Kwenye kituo cha ukaguzi, nikingoja askari anipungie,
nililowesha kidole kwa mate
nikafuta jina la kijana. Likabaki doa.

Usiku ule, saa tano, nikasikia muungurumo uani.
Nikafungua dirisha: moshi mweupe,
taa zimezimwa, gari haiendi popote.
Ndani yake Muhenna, blanketi kichwani,
hita imewashwa, simu sikioni:
"Hapana, mama. Huku hakuna baridi.
Wallahi, nalala vizuri."

Chumba chake kiko juu ya paa.
Miye sijawahi kulala huko hata usiku mmoja.
Hita ya nyumba hii ni moja, na ilikuwa miguuni pangu,
ikinitazama kwa jicho lake jekundu.

Sikumwita. Nilingoja azime.
Nikasikia mlango wa gari, halafu ngazi, polepole,
kama mtu anayejua ngazi ipi inalia.
Nikachomoa waya, ungali wa moto, nikaufunga mkononi,
nikapanda nyuma yake.

Asubuhi nikaandika:
*Lita moja na nusu, usiku. Gari imesimama.*
Kwenye safu ya sababu nikaandika *baridi*,
kisha wali, asubuhi yote hiyo,
nikaupasha moto kwenye samli ya kuchota.