Chenga

Umeme umekatika Mkomani. Vyema:
kamera mpya haipimwi mchana,
na hii ina deni la miezi kumi na minane.
Mwanaate, kaa hapo chini ya zidaka,
kibatari kimoja, ungo mapajani,
endelea na mchele wako.

ISO mia nane: sahani iliyosuuzwa.
Elfu sita na mia nne: bado.
Elfu ishirini na tano, kwenye kivuli cha shingo,
zimeanza,
nyekundu, kijani, punje punje,
kama mtu kalimwagia giza pumba.

Kompyuta ina chaji robo.
Navuta uso, nakuza, nasafisha.
Ukuta wa chokaa unageuka siagi,
shavu linakuwa la mwanasesere,
na kile kishimo chini ya jicho,
cha tetekuwanga, mwaka tuliohama Faza,
hakipo.

“Nani huyu?”
Yuko begani kwangu, ananuka mafuta ya taa.

Nazirudisha chenga, zote.
Kishimo kinarudi nazo.

“Basi imeharibika?”
Sijui nimjibuje.
Ameshakaa, anapepeta,
chenga anazitenga kwenye kibakuli,
za uji.