Matema hadi Ikombe, Lita Ishirini

Boti si yetu. Ni ya shemeji Anyelwisye,
aliyeuza kakao misimu mitatu bila kuonja hata bia,
akaagiza gamba la faiba, jeupe kama jino la mtoto,
na mashine ya farasi arobaini
ambayo bado ina stika ya dukani. Kakataza isibanduliwe.

Tuko tisa. Tulipaswa kuwa saba.
Yupo Bupe na mapacha, ipo sufuria ya wali
iliyofungwa kanga mvuke usitoroke,
yupo Lusekelo, mhasibu wa Tukuyu,
aliyevaa jaketi la kuokolea tangu nyumba ya wageni
akanywa nalo chai.
Na mama, mbele kabisa, kwenye ncha.
Kiti cha sponji kakikataa,
kakalia ndoo iliyopinduliwa.

Ziwa asubuhi hii limelala chali.
Huku kaskazini, maji yanakokomea,
milima ya Livingstone imeshuka bila kupiga hodi,
imesimama ziwani hadi magotini,
haikubakiza hata pa kupitisha baiskeli.
"Uswisi hii," anasema Lusekelo, ambaye hajafika Uswisi.
Bupe anamjibu: Uswisi hawana mbasa.

Shemeji anafungua mafuta. Pua inanyanyuka.
Mapacha wanapiga mayowe, mmoja anatapika kidogo,
anafuta mdomo, anaendelea na mayowe.
Mbali, wingu la nzi wa ziwa linapanda
kama moshi wa moto usio na mwenyewe.
Tunapiga picha. Kisha tunapiga picha
za wanaopiga picha.

Mama anahesabu.
"Pale, kwenye mkuyu, nilikuwa natua.
Pale nilijikwaa, vikavunjika sita,
nikarudi kwa mama kuupokea mdomo wake.
Pale kuna maji baridi, hayaonekani kutoka huku."
Tunatazama anakoonyesha.
Tunaona mchirizi tu, kama kucha
iliyopita juu ya muundi wa mlima.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Vyungu kichwani,
kidogo ndani ya kikubwa, nyasi katikati visigombane,
na nauli ya mtumbwi ni hadithi ya watu wengine.
Kwenda sokoni Matema na vyungu,
kurudi Ikombe na mahindi. Nchi kavu haikumpa
siku hata moja ya kuinua kichwa atazame ziwa.

"Dakika ishirini!" shemeji anatangaza, boti ikigusa changarawe.
Mama akaitazama saa, si uso wake.
"Ishirini."
Akashuka, maji yakamfika magotini,
hakusubiri mkono wa mtu.

Tulikula. Tulinunua vyungu viwili, bei hatukupunguza.
Jua lilipoinama tukaanza kupakia, naye akabaki nchi kavu,
viatu ameviacha ndani ya boti.
"Nendeni na chombo chenu. Mimi napita kwangu.
Sijawahi kuipita mikono mitupu."
Shemeji akafungua mdomo. Bupe akamkanyaga.

Basi tukarudi hivyo,
mashine ikinong'ona kama mtu aongeaye usingizini,
farasi arobaini wakifuata mwendo
wa mwanamke wa miaka sitini na nane.
Kitambaa chake cha manjano kikiingia nyuma ya mwamba
nasi tunanyamaza. Kikitoka, mtu anakumbuka kuongea.

Mahali njia inapokonda, chini yake ni maji tu, meusi,
mkono wake wa kushoto ulipanda,
ukashika hewa juu ya kitambaa,
ukaituliza, ukaenda nayo polepole
hadi mahali pabaya pakaisha.

"Anatuaga?" Lusekelo akauliza, akapunga.
Hakuna aliyemjibu.
Shemeji akapunguza mwendo tena,
mashine ikakohoa, ikataka kuzimika,
na yule pacha aliyetapika
akauliza bibi amebeba nini.