Nani Anaongeza?

Jumapili ya Mavuno mimi ndiye mnadi.
Sauti yangu, wanasema, inafika hadi stesheni ya Muheza,
na jogoo wa elfu nane nimeshamuuza elfu thelathini
kwa kumsifia kilemba tu.

Tulikwisha kunadi mikungu ya ndizi,
vibaba vitatu vya fiwi,
mayai ya mama Shemhilu yaliyorudi mnadani mara mbili
(kila anayeyanunua anamtolea Bwana tena),
ndipo nikashika ndoo ya rangi
iliyofunikwa kipande cha kanga.
Nikafunua.
Udongo.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ndiyo kazi yangu:
"Shilingi ngapi, wapendwa, kwa shamba la kubebeka?"

Eufrasia Nyagawa hakucheka.
Alikaa benchi la nyuma, penye dirisha lisilo kioo,
nyayo zimepasuka kama jiko la udongo.
"Nadi, Erasto," akasema. "Hiyo ni zaka.
Nimepima ndoo tisa za shamba, hiyo ni ya kumi."

Hapo kicheko kikanikauka,
maana jina langu ni la tatu kwenye karatasi
tuliyotia saini Alhamisi, sakristia, mlango umefungwa:
robo tatu ya eka, mali ya kanisa,
apewe mchoma matofali,
naye atupe matofali elfu ishirini ya mnara.
Hatukumwita. Mpangaji haitwi kikaoni.

Babu yake aliletwa kwa lori kutoka Ubena,
manamba, mia nne na kumi na saba.
Katani ilikula mikono yake, ikala na rutuba,
kisha bei ikaanguka, wenye mkonge wakaondoka,
wakamwachia mjukuu ile namba
na ardhi ambayo jembe likiipiga
linalia kama kengele.

Miaka sita. Nilimwona. Nani hakumwona?
Akiomba maganda kwa wauza machungwa wa stendi,
akizoa samadi zizini kwa Mzee Mbaruku,
ambaye husema, chukua binti, thawabu haina dini.
Jumatano ya Majivu sisi tulitoka
na misalaba myeusi kwenye vipaji vya nyuso;
yeye alibaki kumwomba padre majivu yaliyosalia.
"Ya nini, mama?"
"Nayarudisha."

Sasa udongo wake ulinishika vidole,
mweusi, wa baridi, unanukia mvua ya juzi.
Nikamwaza Mungu amepiga magoti siku ile,
tope limemwingia kwenye kucha;
naye alipokwisha kufinyanga
hakutafuta tanuri.
Alipuliza tu.

Na katika habari zetu, tangu Misri,
anayedai matofali
si Mungu.

"Nani anaongeza?" nikauliza. Sauti ilinitoka ndogo.
Padre alitazama viatu vyake.
Mweka hazina akafungua daftari, akalifunga.
Nani anaongeza? Sisi tuliokula mahindi yale,
nani kati yetu aliongeza hata gunzi?

Akaja Zebedayo, wa darasa la pili,
na mia mbili yake ya ubuyu.
Akatumbukiza mkono mpaka kiwiko,
akatoa nyungunyungu, akamwinua mwangani:
"Kuna mtu ndani!"

Mwenyekiti akasema tuendelee, jogoo wanasubiri.
Nikawanadi. Sikumbuki bei.

Jioni nilikwenda kuomba jina langu lifutwe.
Wino haufutiki hivyo, nikaambiwa,
na mchoma matofali ana nakala yake,
tena ameshaleta kuni.

Kikao ni Jumanne. Nimemtuma mtoto amwite Eufrasia,
aje akae mbele, si dirishani.
Sijui tutashinda.
Ndoo iko kwa Zebedayo, amefukia humo mbegu ya boga,
anaimwagilia kwa kikombe cha chai.
Kucha zangu sijazisafisha.