Ufunguo Uko Changamwe

Nilikwenda Jomvu Kuu siku ya Jumanne
na daftari, kalamu mbili, na chupa ya maji
kama mtu aendaye mbali.
Mimi, mzawa wa Kuze!
Kutoka kwetu hadi pale hata kiatu hakichafuki.

Nilitaka kuuona msikiti wa zamani
ambao marehemu babangu aliutaja mara moja tu, akiwa na homa:
akasema kibla chake kina sahani ya kijani
iliyopasuka ikabaki ukutani.

Mlangoni palikuwa na kufuli jipya
linang'aa kuliko kijiji kizima.
"Ufunguo anao Mselem," kijana mmoja akaniambia.
Na Mselem?
"Yuko Changamwe. Ameenda kung'oa jino."

Basi nikangoja.
Nikayazunguka makaburi, mengi hayana jina,
matumbawe yaliyolika kama mkate uliosahauliwa mvuani.
Mbuzi alilala juu ya moja, wala hakuna aliyemfukuza.
Ng'ambo ya maji mikoko, na nyuma ya mikoko
shingo za winchi za Kilindini
zikiinama, zikiinuka, zikiinama tena
kama watu waliodondosha kitu.

"We mgeni! Mikono yako haina kazi?"
Barazani, mwanamke, kimia mapajani,
kimeraruliwa na chuma kilichozama.
Jina lake Mwanajaka.
"Ndoo ushike hapa. Kaza. Si hivyo,
washika kama mtu aogopaye kuvunja yai."

Husemwa mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Jomvu hawana subira hiyo.

Nikashika. Nikauliza kijiji kina miaka mingapi.
"Mimi n'na sitini na tatu. Nalikikuta."
Nikauliza, na mambo ya kale, yako wapi?
Akakata uzi kwa meno.
"Ya kale siyajui. Tundu hili ni la jana."

Fundo, jicho, fundo.
Mtoto akapita na sinia ya kaimati.
Mtu akauliza bei ya kamba, akaiona ghali, akaenda,
akarudi, akanunua.
Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani:
aliyeshika ncha ya wavu ana shughuli,
na mwenye shughuli hahojiwi.

Mselem alirudi baada ya alasiri,
shavu limevimba, pamba mdomoni.
Hakuweza kusema. Akautikisa ufunguo mbele yangu,
akainua nyusi: twende?

Nikatazama mikono yangu.
Tundu bado lilikuwa la kupitisha ngumi.
"Nimalize hapa kwanza," nikasema,
na Mwanajaka, bila kuinua uso,
akanisogezea mkeka.

Sahani ya kijani sikuiona.
Usiku, nyumbani, nilipofungua daftari
kurasa zilinuka uduvi
na kidole gumba kilikuwa na mstari wa uzi,
mwembamba, mwekundu.
Nikaandika tarehe. Chini yake:
Kimia, pima mbili.
Limebaki tundu moja, upande wa risasi.